Hoho za kitalu nyumba: uache tunda la kwanza, au unyofoe maua mche ukue kwanza?

Hoho ikishapandikizwa kwenye kitalu nyumba, ndani ya wiki tatu au nne hivi shina lake hugawanyika, na pale kwenye panda hutokea ua moja. Ua hilo ndilo linalowagawa wakulima wa huku kwetu, kuanzia Ngaramtoni kule Arusha hadi Kahe kule Moshi. Wapo wanaoliacha lizae. Wapo wanaolinyofoa mara wanapoliona. Na wapo wanaoendelea kunyofoa hadi maua ya panda ya pili na ya tatu, ili mche upate muda mrefu wa kukua kabla haujabebeshwa chochote. Kila kundi lina mavuno ya kuonyesha, na kila kundi linaapa kwa njia yake. Shida ni kwamba ushauri wa jirani unaweza kuwa sahihi kwake na ukakutia hasara wewe: yeye anauza hoho za kijani soko la Kilombero mjini Arusha, wewe unalenga nyekundu na njano za hotelini, yeye analima Mabogini, bondeni Moshi, kwenye joto, wewe uko Ilboru, Arusha, ambako Julai hulali bila blanketi zito.

Msimamo wangu ni huu. Muda wa kukuza mche hulipa pale ambapo mambo mawili yapo pamoja: zao litakaa ndani ya kitalu kwa miezi mingi, na maua utakayoyaruhusu baadaye yatakutana na hali ya hewa inayoyafaa. Likikosekana moja, acha mche uzae mapema.

Kwa nini uamuzi uko mikononi mwako

Ipo mimea ambayo wakati wake wa kuchanua huamuliwa na urefu wa usiku. Krisanthemamu ni mmojawapo, na ndiyo sababu mashamba ya vipandikizi vya maua kandokando ya Arusha huwasha taa usiku. Huku tulipo, kama nyuzi tatu tu kusini ya ikweta, mchana na usiku hukaribiana kwa saa 12 karibu mwaka mzima. Bila taa za kukatisha usiku huo mrefu, ua lile lingechanua likiwa fupi lisilouzika. Mwenye shamba la namna hiyo hupanga kwa swichi ya taa mmea ukue wiki ngapi na uanze kuchanua lini.

Hoho haijali usiku. Ikishafikisha majani yake kama kumi hivi inatoa ua, iwe Januari au Julai, iwe imejenga mizizi ya kutosha au bado. Tangu hapo kila ncha inayokua hutoa jani, hutoa ua, kisha hugawanyika tena, panda juu ya panda. Kukua na kuzaa vinakwenda sambamba hadi siku utakapoing'oa. Kwa hiyo hakuna taa wala mbolea inayoiambia hoho isubiri. Kinachoweza kuisubirisha ni vidole vyako tu.

Na kwa nini uisubirishe? Kwa sababu ya sukari. Majani hutengeneza sukari kwa mwanga wa jua, kisha sukari hiyo hugombaniwa na mizizi, majani machanga, vichipukizi na matunda. Katika ugomvi huo tunda linalokua hushinda karibu kila mara. Mche mdogo wenye matunda mawili kwenye panda ya chini hupeleka huko sehemu kubwa ya chakula chake. Mizizi inasimama, majani mapya yanatoka madogo, maua ya juu yanapukutika. Umeiona miche hiyo: imefika magotini, imebeba hoho mbili nzuri za kutamanisha, na mwezi mzima baadaye bado iko magotini. Imedumaa.

Ndani ya kitalu hasara hiyo inauma kuliko nje, kwa sababu umelipia plastiki, mabomba ya matone na fremu kwa kila mita ya mraba. Mwanga unaopita katikati ya miche midogo na kuangukia udongo mtupu haukulishi. Siku unapoingia mchana wa jua kali ukaona kivuli cha majani kimefunika tuta lote, ndipo kitalu kinaanza kurudisha gharama.

Njia tatu

Njia ya kwanza ni kuacha kila kitu. Faida yake ni wakati: kutoka ua kufunguka hadi hoho ya kijani iliyokomaa ni wiki tano hadi saba hivi, kutegemea joto, kwa hiyo unauza mapema kuliko wote. Ukiwa na deni la pembejeo, hiyo si faida ndogo. Lakini tunda la panda ya kwanza lina kasoro ambayo wengi huigundua wakiwa sokoni. Limekaa katikati ya matawi mawili yanayonenepa, linabanwa, linakua limepinda au lina kovu ubavuni. Likiwa zito kabla matawi hayajakomaa, linaweza hata kuyapasua pale yanapoungana. Mnunuzi wa hotelini hulikataa. Wa sokoni hulichukua kwa kulalamika.

Njia ya pili ni kunyofoa ua la panda ya kwanza peke yake, na pengine yale mawili ya panda ya pili, kisha kuacha yanayofuata. Inachelewesha mavuno kwa wiki moja hadi mbili hivi, zaidi kama kuna baridi. Kwa wakulima wengi wa vitalu vidogo huku kwetu, hapa ndipo pa kuanzia. Unapata matawi mawili yenye nguvu, mizizi inapumua, na bado pesa ya kwanza haiko mbali.

Njia ya tatu ni kunyofoa hadi panda ya tatu au ya nne. Mavuno yanasogea kwa wiki mbili, tatu, wakati mwingine nne. Mche unafika kiunoni ukiwa haujabeba kitu, una majani makubwa na mizizi iliyojaza tuta. Ukianza kubeba, unaweza kushika matunda mengi kwa pamoja na kuyajaza yote hadi saizi kubwa. Njia hii ina nguvu, na ina masharti.

Tuweke hesabu mezani. Chukua kitalu cha mita 8 kwa 15, ambacho ni mita za mraba 120. Kwa miche miwili na nusu kila mita ya mraba, una miche 300. Tunda moja la panda ya kwanza likiwa na gramu 150, kulinyofoa kwa miche yote ni kuacha kilo 45. Likiwa na gramu 200, kilo 60. Kiasi hicho kinasikitisha ukikitazama peke yake. Nimewahi kuelezwa kwa uchungu na mama mmoja, "Mwanangu, unaniambia nitupe chakula kikiwa bado ua?" Swali lake ni la haki. Jibu liko upande wa pili wa hesabu: ikiwa kila mche, kwa sababu ya mwili mkubwa zaidi, utatoa tunda moja tu la ziada katika maisha yake yote, kilo zile zimerudi. Ukitoa mawili ya ziada, umepata faida. Mche utakaokaa miezi minane una nafasi nyingi za kutoa hayo mawili. Mche utakaong'olewa baada ya miezi minne hauna.

Kijani au rangi?

Hili halizungumzwi vya kutosha, na kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote.

Hoho nyekundu, njano au ya machungwa huanza ikiwa kijani. Ili ibadilike rangi, inabaki kwenye mche wiki mbili hadi nne zaidi baada ya kukomaa. Muda huo wote inaendelea kuvuta, na mche ukishabeba matunda kadhaa yanayokua hukataa kushika mengine. Maua mapya yanafunguka na kudondoka. Ndiyo maana mavuno ya hoho huja kwa mawimbi: wiki mbili unavuna hadi kreti zinakwisha, kisha wiki tatu huna kitu, kisha yanarudi.

Anayevuna kijani hupunguzia mche mzigo mapema. Tunda la kwanza likitoka wiki ya sita, mche unapata tena nafuu ya kukua. Kwake njia ya kwanza haina madhara makubwa, na njia ya pili inamtosha kabisa. Anayengoja rangi anaubebesha mche mzigo uleule kwa muda mrefu zaidi, kwa hiyo lazima mche uwe mkubwa kabla ya kuanza. Hoho za rangi juu ya mche uliodumaa hutoka chache, ndogo, na wimbi la pili huchelewa kupita kiasi. Nikiruhusiwa swali moja tu kabla sijakushauri chochote, nitakuuliza: unamuuzia nani?

Arusha si Moshi

Mji wa Arusha uko kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Mji wa Moshi uko chini zaidi, kama mita 800 hadi 900. Joto hupungua takriban nyuzi 0.6 kwa kila mita 100 unazopanda, kwa hiyo tofauti ya miji hiyo peke yake ni kama nyuzi tatu, na ukitoka Kahe bondeni kwenda Ilboru chini ya Mlima Meru ni zaidi ya hapo. Kwa mtu ni suala la koti. Kwa hoho ni suala la kushika tunda au kutoshika.

Hoho hupenda usiku wa nyuzi 16 hadi 20. Usiku ukishuka chini ya 15 kwa siku nyingi mfululizo, chavua hudhoofika, na unapata vitunda vidogo vilivyobonyea, visivyo na mbegu, ambavyo havikui hata ukivilisha nini. Mchana ukipita nyuzi 32 au 33, maua hudondoka yenyewe. Juni hadi Agosti pale Arusha kuna yote mawili mabaya kwa pamoja, usiku wa baridi na mawingu yanayofunika asubuhi nzima. Bondeni Moshi adui ni joto la Januari hadi Machi, na ndani ya plastiki isiyo na madirisha ya juu joto hilo huzidi la nje.

Sasa tazama jinsi kalenda inavyogeuza ushauri.

Uko Arusha, umepandikiza katikati ya Agosti. Ua la kwanza linafunguka katikati ya Septemba. Ukiliacha, tunda lake la rangi liko tayari kuanzia katikati ya Novemba. Ukinyofoa kwa wiki tatu, maua unayoyaruhusu yanafunguka mapema Oktoba, joto likiwa limepanda na jua limefunguka, na matunda ya rangi yanaanza kutoka mwanzoni mwa Desemba. Desemba watu wa Kilimanjaro wanarudi nyumbani kutoka kila pembe ya nchi, na hoteli za watalii zinajaa tena. Hapa kungoja kumekupeleka moja kwa moja kwenye soko zuri, na mche una miezi mitano au sita ya joto mbele yake. Njia ya tatu inastahili.

Uko Arusha ileile, umepandikiza mwishoni mwa Februari. Ua la kwanza linakuja mwishoni mwa Machi. Ukinyofoa kwa wiki tatu, unaruhusu maua katikati ya Aprili, masika imeshika kasi, mawingu mazito, unyevu ndani ya kitalu uko juu. Matunda yanayojikongoja kushika yatangoja rangi hadi Juni na Julai, kwenye baridi, yakienda taratibu mno. Katika hali hii ningeacha ua la panda ya pili lizae, nivune kijani, nipate pesa kabla baridi haijafunga mlango.

Bondeni Moshi mambo yanageuka. Julai ambayo ni adui wa Ilboru ni rafiki wa Mabogini na Kahe: usiku unapoa kiasi kinachotakiwa, mchana hauchomi. Anayepandikiza huko mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili anaweza kunyofoa kwa wiki mbili au tatu bila hofu, akajenga mche Aprili na Mei, na maua yakashika kuanzia Mei hadi Agosti. Lakini anayepandikiza Novemba asijidanganye kwamba anangoja mche uwe mkubwa. Atakaporuhusu maua Januari, joto litakuwa limeanza kuyadondosha kwa niaba yake. Huyo aharakishe, aweke neti ya kivuli juu, na afungue pande zote za kitalu.

Kungoja kupita kiasi

Kuna wakulima ambao wakishaonja utamu wa mche mkubwa hawajui pa kuachia. Mche wa hoho unaweza kuharibiwa kwa kukuzwa, na dalili zake husomeka mapema. Majani yanakuwa mapana, mazito, ya kijani cha giza. Nafasi kati ya panda na panda inarefuka. Ua linafunguka chini sana ya ncha, dhaifu, na baada ya siku chache kikonyo chake kinageuka njano. Mche huo umezoea kula peke yake. Ukija kuruhusu maua, unayaangusha.

Mara nyingi chanzo ni naitrojeni. Mtu anaamua kukuza mche, anamwaga CAN au urea kila wiki kwa kuwa "ni mbolea ya kukuzia", na anapata msitu. Wakati wa kunyofoa maua, usiongeze naitrojeni. Mche usiobeba matunda unahitaji lishe ya wastani, na wiki moja kabla ya kuruhusu maua, anza kuongeza potasiamu na kuhakikisha kalisi ipo, ili matunda yatakayoshika kwa mkupuo yasioze kitako. Kumwagilia nako kuwe kwa mpangilio. Tuta linalokauka leo na kufurika kesho huleta kuoza kitako hata kama kalisi imejaa udongoni.

Msitu pia ni nyumba ya wadudu. Majani yaliyosongamana huficha utitiri, vithiripi na inzi weupe, na dawa haifiki chini ya jani. Ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu, hupenda hewa iliyosimama. Kwa hiyo anayechagua njia ya tatu amechagua pia kazi: matawi mawili makuu kwa kila mche, kila moja limefungwa kwenye kamba yake, na kila wiki vichipukizi vya pembeni vinakatwa baada ya jani la kwanza au la pili. Kama huna mtu wa kufanya kazi hiyo kila wiki, chagua njia ya pili ulale salama.

Muda wa kwenye trei

Wengine huuliza kama si bora kuukuzia mche kwenye trei ya kuoteshea, ukaingia kitalu ukiwa tayari mkubwa. Hapana. Miche ya wiki sita hadi nane, yenye majani halisi manne hadi sita, ndiyo ya kununua. Mche uliokaa sana kwenye trei mizizi yake imejizungusha ndani ya kishimo, na mara nyingi umeshatoa ua. Ukiukuta kwa muuzaji una ua, usifurahie kwamba umewahi. Huo umechoka kabla ya safari. Umri wa kwenye trei haujengi mwili ule unaohitajika kwenye tuta.

Namna ya kunyofoa

Fanya asubuhi, mche ukiwa umejaa maji, kikonyo kinakatika kwa kubonyeza tu. Nyofoa ua likiwa bado tumba au limefunguka jana yake. Ukisubiri hadi kitunda kimefikia ukubwa wa gololi, chakula kimeshatumika na unauacha mche na jeraha kubwa. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kuanza, na anayevuta sigara anawe zaidi ya wote, maana virusi vya batobato ya tumbaku hupita kwenye vidole hadi kwenye hoho. Mche wenye majani ya mabaka usiuguse hadi umalize mingine.

Na usinyofoe kwa kalenda ya ukutani. Mstari wa pembeni unaopigwa na jua la mchana utakuwa mbele ya mstari wa kivulini kwa siku kadhaa. Angalia mche wenyewe: matawi mawili yanayolingana, majani yanayoanza kugusana na ya jirani, ncha inayosonga kila wiki. Mche uliofikia hapo uruhusiwe hata kama ni panda ya pili. Usiofikia hapo unyofolewe tena hata kama ni ya tatu.

Na kama umesoma haya ukiwa na kitalu ambacho tayari miche yake imedumaa chini ya matunda ya kwanza, usiing'oe. Vuna hoho zote za chini zikiwa kijani, hata zile ulizokusudia zigeuke rangi, na uziuze kwa bei utakayopata. Nyofoa maua yaliyo wazi kwa wiki moja au mbili, punguza matawi yabaki mawili, mwagilia vizuri. Ndani ya wiki tatu ncha zikianza kusonga na majani mapya yakitoka mapana kuliko yaliyotangulia, mche umepona, na maua yatakayofuata uyaache yashike. Zisiposonga, chimba mmoja uangalie mizizi. Ikiwa na vinundu vya minyoo fundo au imeoza, tatizo haliko kwenye maua, na tuta hilo linahitaji kutibiwa au kupumzishwa bila kupandwa hoho, nyanya wala bilinganya kabla hujanunua trei nyingine.